Je, Aliyezaliwa Mara ya Pili Hatendi Dhambi Tena?

Jumapili asubuhi, katika kanisa dogo la mtaani Nyamirambo, mjini Kigali, baba mmoja mwenye familia asimama mbele ya waumini kutoa ushuhuda. Aeleza alivyokuwa mlevi na mgomvi, alivyozaliwa mara ya pili, na asivyokuwa tena mtumwa wa dhambi. Waumini wapiga makofi. Mkewe afuta machozi ya furaha.

Jumatatu jioni, wakati wa chakula, baba huyo huyo agonga sahani kwa kiwiko, nayo yaanguka chini na kuvunjika. Hakuna mtu mzima mwingine aliyeona. Badala ya kukiri, amgeukia binti anayesaidia kazi za nyumbani, amwita mzembe, na kutangaza kwamba faranga elfu mbili zitakatwa katika mshahara wake wa mwisho wa mwezi. Mtoto wa miaka minane, aliyeketi mkekani na daftari lake, ameona yote. Amsogelea mama yake na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mama, si Baba ameokoka?"

Mama akosa jibu. Amwambia mtoto amalize hesabu zake.

Nyumba hiyo haina namba wala mtaa wa hakika, kwa kuwa yaweza kuwa nyumba yoyote, Kigali, Bukoba, Kisumu au Bukavu. Lakini swali la mtoto ni swali la kweli, na limewasumbua watu wazima wenye elimu kubwa kwa karne nyingi. Je, mtu aliyezaliwa upya kiroho aweza bado kutenda dhambi? Na kama aweza, kuzaliwa huko kuna maana gani?

Majibu mawili ya haraka

Wapo wanaojibu upesi kwamba haiwezekani. Kwao, aliyeokoka hatendi dhambi. Akitenda, basi hakuwa ameokoka tangu mwanzo. Jibu hilo laonekana kuwa na nguvu, lakini lina hatari yake. Mtu anayelishika hana budi kuchagua moja kati ya mambo mawili kila anapoteleza: ama akate tamaa kabisa, ama alibadilishie kosa lake jina. Hasira huitwa uthabiti, uchoyo huitwa uangalifu, na uongo huitwa busara. Wengi huchagua njia hiyo ya pili, kwa maana ni nyepesi. Hapo ndipo wahenga waliposema kwamba nyani haoni kundule.

Wapo pia wanaojibu kinyume. Hao husema kila binadamu ni mkosaji, Mungu ni mwenye huruma, na hivyo hakuna haja ya kuhangaika. Jibu hili nalo halimfai mtoto aliyeketi mkekani. Likikubaliwa, binti wa kazi atakatwa mshahara wake leo, kesho na keshokutwa, na kila Jumapili baba atatakaswa upya bila kumrudishia hata senti moja.

Maandiko ya Wakristo yenyewe hayakubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili. Waraka wa kwanza wa Yohana wasema wazi kwamba anayedai hana dhambi anajidanganya nafsi yake. Waraka huo huo, sura mbili mbele, wasema kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Msomaji wa haraka aweza kudhani mwandishi amejipinga. Wafafanuzi wengi hujibu kwamba katika sehemu ya pili lugha ya Kigiriki yaeleza tendo la mazoea. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati taabu kulielewa jambo hilo, kwa sababu lugha yake yaijua tofauti kati ya "ameanguka" na "huanguka". Aliyeanguka aweza kuinuka akaendelea na safari. Yule ambaye huanguka kila siku mahali pale pale, bila kujali, amepageuza kuwa makao yake.

Mifano nayo haikosekani. Mtume Petro, ambaye hakuna Mkristo anayetilia shaka wokovu wake, alipokuwa Antiokia aliacha kula pamoja na waumini wasio Wayahudi kwa kuogopa macho ya watu, na Paulo akamkemea hadharani. Kosa lake lilikuwa la mezani, kama lile la baba wa Nyamirambo, na lilikuwa kosa la kuwabagua watu kwa asili yao. Jambo hilo la ubaguzi litarudi tena katika habari hii.

Moto wa Gahini

Kwa mkazi wa Kigali swali hili lina historia ya karibu. Upande wa mashariki ya mji huo, kando ya Ziwa Muhazi, kuna mahali paitwapo Gahini. Hapo ndipo ulipowaka, katika miaka ya 1930, moto wa kiroho uliokuja kujulikana kama Uamsho wa Afrika Mashariki. Wafuasi wake waliitwa balokole nchini Uganda na abarokore nchini Rwanda, maana yake waliookoka.

Chanzo chake chafaa kukumbukwa, kwa sababu hakikuwa mkutano wa wapagani. Daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa mmisionari katika hospitali ya Gahini. Mwaka 1929, baada ya njaa kali kuipiga nchi na yeye mwenyewe kuchoka mwili na moyo, alikutana mjini Kampala na Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Walisoma Maandiko pamoja na kusali, na wote wawili walikiri kwamba kulikuwa na upungufu ndani yao wenyewe. Yosiya Kinuka, msaidizi katika hospitali hiyo ya Gahini, alikwenda Uganda kuonana na Nsibambi akiwa na malalamiko mengi juu ya kazi na wakubwa wake. Akarejea akiwa ameitambua dhambi yake mwenyewe. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu na mhudumu wa Kanisa hapo Gahini alipojifungia kwa siku kadhaa katika sala mwaka 1935, akihuzunikia ubaridi wa moyo wake. Alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, lakini mwito wake wa kuwataka Wakristo waamke ulienea Uganda nzima, kisha ukavuka hadi Tanganyika, Kenya na kwingineko.

Watu hao hawakuanza kwa kunyoosha kidole nje ya kanisa. Walianza na waliobatizwa, wahudumu, walimu na wamisionari, kisha na nafsi zao wenyewe. Walifundisha kwamba kuzaliwa mara ya pili ni mwanzo wa safari, na kwamba msafiri huchafuka miguu kila siku, hivyo yampasa kuinawa kila siku. Waliita hali hiyo kutembea katika nuru. Kila juma walikutana kwa vikundi, wake kwa waume, wakakiri makosa yao waziwazi. Aliyekuwa ameiba alirudisha. Aliyekuwa na deni alilipa. Mzungu alimwomba Mwafrika msamaha, jambo ambalo katika enzi za ukoloni lilikuwa la ajabu mno, na mume alimwomba mkewe msamaha, jambo ambalo katika nyumba nyingi bado ni la ajabu hata sasa.

Jibu lao kwa swali la mtoto lilikuwa wazi: ndiyo, aliyeokoka aweza kutenda dhambi, lakini aliyeokoka hana tena ruhusa ya kuificha. Wahenga wa pwani walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Hata hivyo, haifai kuwafanya watu wa Uamsho kuwa malaika. Bidii yao iligeuka mara nyingine kuwa jeuri. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa baada ya mvutano mkali na wakuu wa chuo kuhusu mikutano yao ya sala ya alfajiri na jinsi walivyowashutumu wengine kwa dhambi. Wapo wanaowahesabu kuwa mashujaa, na wapo wanaowalaumu. Kwa vyovyote, yafaa kukumbuka kwamba mtu aliyezoea kukiri dhambi zake aweza kuanza kujivunia kukiri kwenyewe, na kiburi hicho nacho ni dhambi, japokuwa huvaa nguo safi.

Dhambi isiyokuwa katika orodha

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, wakati waumini wa Gahini walipokuwa wakikiri wizi, pombe, uzinzi na uchawi, utawala wa Ubelgiji ulikuwa ukigawa vitambulisho vilivyoandikwa kama mwenyewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mambo hayo mawili yalitokea katika nchi moja na katika muongo mmoja. La kwanza liliwafundisha watu kuchungulia mioyo yao. La pili liliwafundisha kuchungulia kadi ya jirani. Kwa wengi, yale waliyofundishwa na kadi hayakuingia kamwe katika orodha ya makosa ya kuungamwa.

Miaka 60 baadaye matokeo yalionekana. Sensa ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba karibu watu tisa katika kila kumi nchini Rwanda walijitaja kuwa Wakristo. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda. Wengi walikimbilia makanisani wakiamini kwamba damu haiwezi kumwagwa humo. Huko Nyamata na Ntarama, kusini ya Kigali, waliuawa ndani ya makanisa hayo hayo. Mjini Kigali kwenyewe, katika kumbukumbu ya Gisozi iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Miongoni mwa waliohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, walikuwamo watumishi wa dini. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kiadventista, alihukumiwa mwaka 2003 kifungo cha miaka kumi kwa kusaidia mauaji hayo ya kimbari. Padri Athanase Seromba wa Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga huku waliokimbilia humo wakiwa ndani, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2006, na katika rufani ya mwaka 2008 adhabu ikaongezwa kuwa kifungo cha maisha.

Mtu aweza kusema kwa wepesi kwamba hao wote hawakuwa waumini wa kweli. Msemo huo huwafariji walio hai, lakini hauwafundishi kitu. Mwenye kuusema hujiweka upande wa wale wasioweza kukosea, na hapo ndipo mahali pa hatari kuliko pote. Walioshika mapanga hawakuzaliwa wauaji. Wengi wao walikuwa majirani waliosali, walioimba na waliobatiza watoto wao. Mtu aweza kuona aibu kunywa kibuyu kimoja cha pombe, na asione aibu yoyote kumfundisha mwanawe kwamba jirani yule si mwenzao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Rwanda iliujenga ukuta wake juu ya makaburi.

Wala si haki kusema kwamba imani haikuzaa tunda lolote. Katika Kituo cha Christus, mtaani Remera, Kigali, waliuawa watu 17 siku ya kwanza ya mauaji, tarehe 7 Aprili 1994, wakiwamo mapadri Wajesuti na wanawake waliokuwa katika mafungo ya sala. Huko Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa mtumishi mlei wa Kanisa Katoliki, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka. Alipewa nafasi ya kujiokoa, akakataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Hata nje ya Ukristo, Waislamu wengi wa Rwanda wanakumbukwa kwa kuwaficha waliokuwa wakiwindwa. Kwa hiyo kosa halikuwa jambo lisiloepukika. Palikuwa na njia mbili, na watu waliosali sala moja walipita njia tofauti.

Toba yenye mikono

Baada ya mauaji lilizuka swali jingine. Magerezani wafungwa wengi walisema kwamba wamezaliwa mara ya pili na kwamba Mungu amewasamehe. Mjane aliyepoteza mume na watoto alisikia habari hizo kwa moyo gani? Kama aliyemwua mumewe amekwisha kusamehewa mbinguni, yeye aliyebaki duniani ana neno gani la kusema?

Mahakama za Gacaca, zilizofanya kazi vijijini na mitaani hadi zilipofungwa mwaka 2012, zilitoa jibu ambalo watu wa dini wanapaswa kulitafakari. Ungamo halikukubaliwa kwa kusema tu "nimekosa". Mkosaji alitakiwa aeleze alifanya nini, wapi, lini, pamoja na nani, na miili ilitupwa wapi. Kwa aliyeiba mali au kubomoa nyumba, lilikuwapo suala la kulipa. Mahakama hizo zilikuwa na kasoro zake na zimelaumiwa kwa mambo kadhaa. Lakini katika jambo hili moja zilikaribiana mno na waumini wa kale wa Gahini: toba ina jina la kosa, ina jina la aliyekosewa, na ina kitu cha kurudisha.

Makanisa nayo yalichukua muda. Desemba 1996, Wakristo wa Rwanda, Wahutu kwa Watutsi, pamoja na baadhi ya Wakristo wa Ulaya, walikutana mjini Detmold, Ujerumani, wakaombana msamaha kila kundi kwa makosa ya upande wake. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya waumini wao walioshiriki katika mauaji. Machi 2017 Papa Fransisko, alipompokea Rais Paul Kagame mjini Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Wapo waliosema maneno hayo yalichelewa. Hata hivyo yalithibitisha kwamba mwamini, na hata kundi zima la waumini, laweza kukosa, na kwamba kukiri hakulibomoi kanisa. Kinacholibomoa ni kuficha.

Ndani ya nyumba

Haya yote yana faida gani kwa mama anayepika na baba anayerudi kazini jioni? Faida yake ni kubwa, kwa sababu mazoea ya kukiri au kuficha hujengwa mezani kabla hayajafika barabarani.

Kwanza, kosa na litajwe kwa jina lake. "Kama nimekukwaza, samahani" si toba. Maneno hayo yaacha nafasi ya kutokea. "Nilivunja sahani nikakusingizia wewe" ni toba, nayo huuma, na kuuma huko ndiko kunakoponya.

Pili, na liungamwe kwa aliyekosewa. Ni rahisi kumwambia Mungu, ambaye haonekani. Ni vigumu kumwambia binti wa kazi, ambaye macho yake yanaonekana na cheo chake ni kidogo. Kadiri aliyekosewa alivyo mdogo, ndivyo toba inavyopimwa zaidi.

Tatu, kilichochukuliwa na kirudishwe. Mshahara urudi, jina jema lirudi, na palipo na kipigo, kipigo kikome. Hapa pana onyo. Mke anayepigwa asiambiwe anyamaze kwa kuwa mume ameungama kanisani. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na anayerudia kila juma hateleki tena kuitwa ameteleza. Usalama wa mke na watoto hutangulia sifa ya ushuhuda wa baba. Vivyo hivyo, aliyekosewa asisukumwe kusamehe kwa haraka ili mkosaji apate usingizi. Msamaha ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Nne, orodha ya makosa na ipanuliwe. Wazazi wanaowafundisha watoto kutoiba na kutotukana wanafanya vema. Lakini maneno yanayosemwa sebuleni juu ya kabila fulani, juu ya wakimbizi, juu ya watu wa dini nyingine au watu wa upande wa pili wa mpaka, nayo yahesabiwe. Mtoto huyasikia yote, hata anapoonekana kushughulika na hesabu zake.

Sasa mama wa Nyamirambo aweza kulijibu swali aliloulizwa. Hana haja ya kumtetea mumewe kwa uongo, wala kumvunjia heshima mbele ya mwanawe. Aweza kusema: "Ndiyo, mwanangu, Baba ameokoka. Ndiyo maana yampasa kwenda kumwomba radhi Dada na kumrudishia pesa yake."

Na baba, kama amesikia kutoka chumbani, ainuke aende jikoni usiku huo huo, kabla sahani nyingine hazijaoshwa.